Sufu Safi Huanzia Kwenye Ua wa Jirani

Katika nchi ya juu ya Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, baridi ya alfajiri hukaa juu ya majani mpaka jua lipande sana. Hiyo ni nchi inayowafaa kondoo wa sufu, na wako wakulima wenye mashamba madogo waliowafuga huko tangu mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kukatwa na kugawiwa Waafrika katika mpango wa mwaka 1962. Kisa kinachofuata ni mfano tu, wala si cha mtu mmoja. Lakini mfugaji wa nchi hiyo atakitambua upesi.

Mzee mmoja mwenye ekari kumi alikuwa na kondoo majike 25 wa aina ya Corriedale. Siku ya kunyoa ilipofika, mwanawe aliye karani mjini aliomba ruhusa kazini akaja kusaidia. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofikia kondoo wachanga, waliokuwa wakinyolewa kwa mara ya kwanza. Mkasi ulipofungua sufu ya mmoja wao, zilionekana ndani yake nywele nyekundu, ngumu na fupi, zimechanganyika na sufu nyeupe kama pumba katika unga. Wa pili alikuwa vivyo hivyo, na wa tatu pia. Hata ilipofika jioni, walikuwa wamehesabiwa saba.

Mzee alifahamu mara moja. Wakati wa mvua za mwaka uliotangulia, mti ulianguka juu ya ua wa seng'enge, na kondoo dume mwekundu wa jirani akaingia. Alikaa kundini siku tano kabla ya mtu kumwona. Wana-kondoo walizaliwa weupe, wenye madoa machache miguuni tu, na mzee hakujali. Sasa aliona gharama yake.

"Baba," kijana akasema, "kwa nini tunajisumbua? Bei ya sufu ni ndogo, na hii hata hiyo bei ndogo haitapata. Afadhali tuwauze wote, tupande viazi shamba zima."

"Mwanangu," mzee akamjibu, "viazi vilipoingiwa na mnyauko, ni nani aliyelipa karo ya dada yako? Ni wana-kondoo sita tuliowauza. Na samadi inayolisha hivyo viazi yatoka wapi?"

Kijana alinyamaza, lakini swali lake lilikuwa la haki, nalo lataka jibu lenye hesabu. Je, mkulima mdogo aweza kupata faida katika sufu? Jibu ni kwamba aweza, ila si peke yake. Ng'ombe wa maziwa aweza kutunzwa vizuri na mtu mmoja hata majirani wote wakiwa wavivu. Kondoo wa sufu sivyo. Usafi wa sufu yake wategemea kondoo dume wa jirani, josho la jirani, na gunia la jirani.

SUFU NA NYWELE SI KITU KIMOJA

Watu wengi huona manyoya ya kondoo kuwa kitu kimoja tu, lakini mwenye kiwanda huona vitu viwili. Sufu ya kweli ni uzi mwembamba, wenye mawimbi madogo, unaonyumbuka na kushika rangi. Nywele ngumu ni nene, imenyoka, na mara nyingi ina uwazi ndani kama unyasi. Haishiki rangi kama sufu. Nguo ikitiwa rangi ya buluu, nywele hizo hubaki zikionekana kama mistari myeupe. Na zile nyekundu au nyeusi hujitokeza katika nguo nyeupe, wala hakuna sabuni ya kuziondoa.

Ndiyo sababu mnunuzi akitia mkono katika gunia na kutoa nywele chache nyekundu, hulipima gunia zima kwa kipimo cha zile chache. Hana wakati wa kutenga uzi mmoja mmoja. Kondoo saba wabaya waweza kushusha thamani ya sufu ya kondoo wote 25, na kama sufu ya majirani kumi imekusanywa pamoja, hasara huwa ya wote kumi.

Unene wa uzi nao una maana. Sufu ya Merino ni nyembamba kupita nyingine zote zinazojulikana sana, nayo hufumwa nguo laini za kuvaliwa karibu na mwili. Sufu ya Romney ni nene zaidi, hufaa mazulia na mablanketi. Corriedale yuko katikati. Alipatikana New Zealand katika karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, ili mkulima apate sufu nzuri na nyama ya kutosha katika kondoo mmoja. Kwa mtu mwenye ekari chache, mnyama wa namna hiyo ana faida mbili kwa majani yale yale.

KAZI YA MIAKA MINANE

Kondoo wa asili wa nchi hii, kama wale wa Wamasai, wana nywele wala hawana sufu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa Merino kutoka New Zealand katika shamba lake la Njoro. Wengi wao walikufa. Majani yalionekana mazuri, lakini kondoo walikonda huku matumbo yamejaa. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu kadhaa za Nakuru umepungukiwa na madini yaitwayo kobalti, na kwamba mnyama asiyeyapata hudhoofika hata akila mchana kutwa. Mafunzo hayo yalinunuliwa kwa bei kubwa, na mkulima wa leo ayapata bure: kondoo wa sufu wapewe chumvi ya madini siku zote, wala asitegemee majani pekee.

Njia nyingine iliyotumiwa na wafugaji ilikuwa kuwapandisha majike wa asili kwa kondoo dume wa sufu, kizazi baada ya kizazi. Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa kwanza huwa na nusu ya damu ya sufu. Binti huyo akipandwa na dume mwingine wa sufu, mtoto wake hupata robo tatu. Anayefuata hupata sehemu saba katika nane, na wa nne hupata sehemu 15 katika 16. Hapo nywele ngumu huwa zimepungua sana. Kila kizazi huchukua kama miaka miwili, na kwa hiyo kazi yote ni ya miaka minane.

Basi na litazamwe jambo lililotukia kwa yule mzee. Kondoo dume mwekundu aliyekaa siku tano aliwarudisha wana-kondoo saba kwenye nusu. Kazi ya miaka minane ilibomolewa kwa siku tano, kwa sababu ya mti mmoja na nguzo mbili za ua.

Lakini haifai kumdharau kondoo mwekundu. Uchunguzi umeonyesha kwamba kondoo wa Kimasai hustahimili minyoo ya tumbo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Asiyetaka sufu, naye hana fedha za dawa, hakukosea kumchagua. Kosa si kuwa naye. Kosa ni kuwaacha kondoo wa kazi mbili tofauti kuchanganyika bila mapatano.

UPELE HAUJUI MPAKA

Jambo la pili linalowafunga majirani pamoja ni ugonjwa. Upele wa kondoo huletwa na wadudu wadogo sana wanaokaa juu ya ngozi. Kondoo hujikuna katika nguzo na kujiuma ubavuni, na sufu yake hutoka vipande vipande. Wadudu hao huweza kuishi siku kadhaa katika sufu iliyonaswa kwenye ua. Kwa hiyo mtu mmoja akiogesha kondoo wake leo, na jirani akangoja mwezi ujao, fedha ya dawa imetupwa. Dawa nyingi za josho huua wadudu lakini haziui mayai yao, na ndiyo sababu mara nyingi yapasa kuogesha mara mbili, kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Kundi lote lioge, na makundi yote ya mpaka mmoja yaoge wiki ile ile.

Minyoo nayo yataka uangalifu. Minyoo ya tumbo hunyonya damu, na dalili yake huonekana jichoni: ukifunua kope ya chini, rangi nyekundu ni ya afya, na weupe ni wa hatari. Minyoo ya ini hutokana na konokono wadogo wa mahali penye maji maji. Kwa hiyo mabonde yenye tope yazungushiwe ua, wala kondoo wasilishwe humo. Kwato zikatwe zinapokuwa ndefu, kwa maana tope likijaa ndani yake kwato huoza, na kondoo anayechechemea hali vizuri.

Mfugaji afahamu pia kwamba njaa na ugonjwa huandikwa ndani ya sufu yenyewe. Kondoo akiugua wiki mbili, uzi wake huwa mwembamba mahali pale ulipokuwa ukiota wakati huo. Baada ya miezi sita, mnunuzi akiuvuta kwa vidole viwili, hukatika papo hapo. Mkulima aweza kusahau kwamba alichelewa kununua dawa, lakini sufu haisahau.

SIKU YA KUNYOA

Kazi ya mwaka mzima yaweza kuharibika kwa saa moja ya kunyoa. Kondoo huchaguliwa siku ya jua wakiwa wakavu kabisa, maana sufu iliyofungwa na unyevu huota ukungu na kugeuka rangi. Wasiku ule wa kuamkia kunyolewa wasilishwe, ili tumbo liwe jepesi na uchafu upungue. Majike waliokaribia kuzaa waachwe. Mahali pa kunyolea pawe na sakafu iliyofagiwa, au turubai safi, wala si juu ya majani makavu.

Mkasi upite karibu na ngozi mara moja tu. Mnyoaji asiye hodari huacha urefu wa kidole, kisha hurudi kukata mabaki. Vipande hivyo vifupi havisokoteki, na vikichanganyika na sufu ndefu huiharibu. Kondoo aliyenyolewa vizuri huacha sufu yake nzima ikiwa imeshikamana kama blanketi moja. Blanketi hilo hutandazwa, na kingo zake zenye mavi na mkojo huondolewa. Sufu ya tumbo hutiwa mahali pake, ya miguu mahali pake, na ile nzuri ya mabega na mbavu mahali pake. Sufu yenye rangi au nywele hufungwa mbali kabisa, na wenye kuitoa hunyolewa mwisho.

Ziko adui nyingine ndogo. Kishona nguo, ile mbegu nyeusi inayoshika suruali ya mpita njia, hushika sufu zaidi, na kuitoa ni kazi ya mikono. Shamba la malisho lipaliliwe kabla mbegu hazijakomaa. Lami au rangi ya mafuta isitumiwe kutia alama mgongoni, kwa sababu haitoki. Alama za masikioni zatosha. Magunia ya nailoni yanayochanika nyuzi, na kamba za katani, yasitumiwe kufungia. Uzi mmoja wa nailoni ukiingia katika sufu huonekana siku nguo imekwisha kufumwa, na hapo lawama hurudi mpaka shambani.

Baada ya kunyolewa, kondoo ana haja ya kutunzwa kama mtu aliyevuliwa koti. Katika Kinangop mvua ya usiku mmoja yaweza kuwaua. Kwa hiyo wengi huchagua miezi mikavu, kabla ya mvua za masika, nao huwalaza kondoo katika banda kwa siku za kwanza.

HESABU ISIYO NA UONGO

Yafaa sasa kurudi kwenye swali la yule kijana. Majike 25, kila mmoja akitoa kilo tatu, hutoa kilo 75 za sufu isiyooshwa. Si kilo 75 za uzi, kwa maana sufu mbichi ina mafuta, jasho na vumbi, na baada ya kuoshwa hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake.

Tena bei ya sufu si jambo linaloamuliwa Kenya. Wakati wa vita vya Korea, mwaka 1950 na 1951, bei ilipanda juu sana ulimwenguni, kisha ikaanguka. Nyuzi za viwandani, kama nailoni, zilichukua sehemu kubwa ya soko. Mwaka 1991 Australia iliacha mpango wake wa kuishikilia bei ya sufu isishuke, na bei ikaporomoka. Katika miaka hiyo ya 1990 pia nguo za mitumba ziliingia Kenya kwa wingi, na viwanda vya nguo vya hapa vikaumia. Wafugaji wengi waligeukia kondoo wa nyama kama Dorper, asiyehitaji kunyolewa. Mtu asiyetaja mambo haya anapowasifu kondoo wa sufu, anadanganya wasomaji.

Hata hivyo hesabu haiishii hapo. Kondoo wa Corriedale hula majani yale yale kama anatoa sufu safi au chafu. Wana-kondoo ndio mapato makubwa, na samadi ndiyo ya pili. Sufu ni ya tatu, nayo kunyolewa hapana budi anyolewe. Basi swali la kweli ni hili: kazi hiyo ya lazima ilete fedha, au ilete takataka za kutupwa shimoni? Sufu chafu haimlipi hata mnyoaji. Sufu safi yaweza kumlipa mnyoaji, dawa ya josho na chumvi ya madini, na mapato ya wana-kondoo yakabaki mazima kwa karo.

Kilo 75 peke yake hazimvuti mwenye lori kupanda mlima. Lakini jamaa kumi wakiwa na kilo 75 kila mmoja, wana kilo 750 za aina moja, zilizochaguliwa kwa namna moja, na hapo mnunuzi husimama kuzungumza. Njia nyingine ni kuisokota sufu karibu na nyumbani. Huko Nanyuki, kikundi cha akina mama kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kilisokota sufu kwa mkono, kikaitia rangi za mimea, kikafuma mazulia na mablanketi. Kilo ya uzi uliosokotwa vizuri ina thamani kuliko kilo ya sufu mbichi, kwa sababu kazi ya mikono imekwisha kuingia ndani yake.

Hapo ndipo karani apatapo kazi yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yaandikwe katika daftari moja: tarehe ya kupandisha, dume aliyetumiwa, kilo za kila kondoo, na gharama ya dawa. Jike anayetoa kilo moja na nusu mwaka baada ya mwaka auzwe, hata kama ni mpole na mwenye kupendwa na watoto.

MAPATANO

Siku ya tatu baada ya kunyoa, mzee alikwenda kwa jirani yake. Hakwenda na hasira, wala hakwenda na shauri la barazani. Alichukua mkononi kipande cha sufu chenye nywele nyekundu.

"Mzee mwenzangu," akasema, "kondoo wako amenitembelea, na hizi ndizo salamu alizoniachia."

Jirani aliitazama. "Ni kweli ni wake," akasema. "Lakini siwezi kumchinja. Yeye haombi dawa kila mara kama wako, na watoto wangu wanasoma kwa nyama ya wanawe."

"Sikuja kuomba umchinje. Nimekuja kuomba majuma saba."

Kisha akamweleza. Kondoo jike huingia katika joto kila baada ya siku 17 hivi, na mimba yake huchukua karibu miezi mitano. Dume wa Corriedale akikaa na majike majuma saba, kila jike hupata nafasi mbili au tatu, na karibu wote hushika mimba. Jike mwenye mimba hana hatari tena. Kwa hiyo dume mwekundu akifungwa majuma hayo saba tu, hatari kubwa imekwisha, na wale majike wachanga wasiofika umri wa kupandwa watalala katika boma. Mzee alijitolea kutoa nguzo, jirani akajitolea kutoa kazi, na ua ukasimamishwa upya kabla ya mvua. Wakakubaliana pia kuogesha kondoo wao wiki moja, na kugawana gharama ya gari la dawa.

Wale wana-kondoo saba hawakubakizwa. Madume yalihasiwa na kuuzwa kwa nyama, na majike wakapewa jirani kwa bei ya kirafiki, kwa maana kwake nywele nyekundu si kasoro. Yule kijana alirudi mjini, lakini kabla ya kuondoka alinunua daftari jipya dukani, akaandika katika ukurasa wa kwanza namba za masikio ya kondoo 25, na chini yake tarehe ambayo majuma saba yangeanza.